UZI: Modeli za mahitaji ya usafiri mijini, na kwa nini barabara inapanuliwa lakini foleni hairudi nyuma

Mpimanjia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mijadala mingi ya foleni huishia kwenye neno moja: wapanue barabara. Nyuma ya kila barabara kubwa inayopanuliwa kuna ripoti, na ndani ya ripoti kuna namba ya magari yatakayopita hapo miaka 20 ijayo. Namba hiyo imetoka kwenye modeli. Wanaosoma namba ni wengi, ila wanaouliza modeli iliwachukuliaje watu ni wachache sana. Nimeanzisha uzi huu tuifungue tuone ndani, na nitaweka hesabu ndogo ambayo yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuirudia mwenyewe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Modeli inayochukulia kwamba safari za watu zimeshapangwa na hazibadiliki, ikabaki na kazi ya kuzigawa barabarani tu, itakosea. Tena itakosea kuelekea upande ule ule kila mara, upande wa kuonyesha kwamba ujenzi utaleta faida kubwa kuliko itakayopatikana.

Historia kidogo. Kazi hii ilikomaa Marekani miaka ya 1950. J. Douglas Carroll aliongoza utafiti wa Detroit, kisha akahamia ule wa Chicago ulioanza 1955. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba: jana ulitoka wapi, ukaenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani. Mwaka 1954 Robert Mitchell na Chester Rapkin walikuwa wamechapisha hoja kwamba magari barabarani ni matokeo ya jinsi ardhi inavyotumika, kwa hiyo ukitaka kujua safari za kesho angalia nyumba, viwanda na shule vitakuwa wapi. Sheria ya barabara ya Marekani ya 1962 ikadai miji yenye watu zaidi ya 50,000 iwe na mpango endelevu wa usafiri kama sharti la kupata fedha za serikali kuu. Hapo ndipo ile inayoitwa modeli ya hatua nne ikasambaa, na mpaka leo bado inatumika sehemu nyingi duniani.

Hatua zenyewe ni hizi. Mji unakatwa vipande viitwavyo kanda. Kwanza unakadiria safari ngapi zinatoka na ngapi zinaingia kila kanda, ukitumia idadi ya kaya, ukubwa wake, kipato, umiliki wa gari, ajira na wanafunzi. Pili unaunganisha zinakotoka na zinakoishia, unapata jedwali kubwa la kutoka na kwenda. Tatu unazigawa kwa chombo: gari, basi, treni, baiskeli, miguu. Nne unazipitisha kwenye mtandao wa barabara na njia za basi.

Nitakaa kwenye hatua ya pili na ya nne, maana ndipo shida ilipo.

Hatua ya pili kwa kawaida hufanywa kwa modeli ya mvuto: sehemu yenye ajira nyingi inavuta zaidi, sehemu ya mbali inavuta kidogo. Alan Voorhees aliitumia kwa safari za mjini mwaka 1955. Mwaka 1967 Alan Wilson akaonyesha kwamba fomula hiyo haihitaji kuegemea fizikia ya Newton hata kidogo. Ukitafuta mpangilio wa safari wenye uwezekano mkubwa zaidi kutokea, huku ukiheshimu jumla za kila kanda na jumla ya gharama ya kusafiri, fomula inajitokeza yenyewe.

Sasa hesabu. Kanda moja ya makazi inatoa safari 1,000 za asubuhi kwenda kazini. Kuna maeneo mawili ya ajira. Eneo la kwanza lina ajira 2,000, liko dakika 10. Eneo la pili lina ajira 6,000, ila liko dakika 30. Uzito wa kila eneo ni ajira zake mara e^(-0.1 × dakika), na e ni ile namba ya takriban 2.718 iliyo kwenye kikokotoo.

Eneo la kwanza: 2,000 × 0.368 = 736. Eneo la pili: 6,000 × 0.0498 = 299. Kwa hiyo safari 711 zinaenda eneo la kwanza na 289 eneo la pili.

Barabara ya kwenda eneo la pili inapanuliwa. Ikiwa tupu, safari sasa ni dakika 20, na uwezo wake ni magari 300 kwa kipindi hicho cha asubuhi. Muda ukiwa na magari tunaupata kwa fomula ya ofisi ya barabara za umma ya Marekani ya 1964, ambayo hadi leo iko karibu kila programu ya usafiri: muda = muda wa barabara tupu × (1 + 0.15 × (magari ÷ uwezo)^4). Kipeo hicho cha nne kitazame vizuri. Magari yakilingana na uwezo, muda unaongezeka asilimia 15 tu. Yakifika mara mbili ya uwezo, muda unakuwa mara 3.4.

Mchambuzi wa kwanza anasema safari ni zile zile 289. Anaziweka kwenye fomula, anapata dakika 22.6. Faida: dakika 7.4 kwa kila msafiri. Ripoti inaandikwa.

Mchambuzi wa pili anarudisha muda mpya kwenye modeli ya mvuto. Kwa dakika 22.6 eneo la pili linavutia zaidi, watu wanaongezeka, muda unapanda, baadhi wanaghairi, na anazunguka hivyo mpaka namba zitulie. Zinatulia kwenye safari kama 365 na dakika 26.5. Faida: dakika 3.5.

Barabara ni ile ile, fomula ni zile zile, na idadi ya wakazi haijabadilika. Tofauti ni kwamba mmoja aliruhusu watu wabadilishe wanakokwenda na mwingine hakuwaruhusu. Na hapo bado sijagusa wanaoacha basi, wanaobadilisha saa ya kutoka, wala wanaohamia mbali zaidi baada ya miaka mitano kwa sababu barabara imekuwa nzuri.

Karibuni.

Fundi Barabara

Mkuu Mpimanjia, shule nzuri, ila hapa nakupinga. Hao 76 walioongezeka hawakulazimishwa. Wamepata kazi nzuri zaidi upande wa pili, au duka lenye bei nafuu, au shule wanayoipenda. Wewe unawahesabu kama hasara. Kama barabara imejaa kwa sababu watu wanaitumia, si ndiyo imefanya kazi yake? Mimi niko kwenye ujenzi miaka mingi, na sijaona mji ulioendelea kwa kuogopa watu wasisafiri.

Mpimanjia

Fundi, hoja yako ni ya msingi, na wachumi wa usafiri wanaikubali. Hao 76 wana faida, na wana haki ya kuhesabiwa. Swali ni kiasi gani.

Yule aliyekuwa anasafiri tangu mwanzo anapata punguzo lote la dakika 3.5. Yule mpya hapati lote. Kama faida ingekuwa kubwa hivyo kwake, angekuwa tayari karibu kuanza kusafiri hata kabla. Wa kwanza kujiunga alihitaji kusukumwa kidogo sana, kwa hiyo anapata karibu dakika zote 3.5. Wa mwisho kujiunga alisubiri mpaka punguzo lote lipatikane, kwa hiyo faida yake inakaribia sifuri. Kwa wastani wanapata nusu. Wachumi wa usafiri huiita kanuni ya nusu.

Tuihesabu: (289 + 365) ÷ 2 × 3.5 = kama dakika 1,145. Mchambuzi wa kwanza alikuwa ameandika 289 × 7.4 = kama dakika 2,140. Nimewahesabu wapya wako wote, Fundi, na bado faida halisi ni nusu na kidogo tu ya ile iliyoahidiwa. Huenda barabara bado inastahili kujengwa. Lakini ukiilinganisha na mradi wa mabasi uliohesabiwa kwa uaminifu, ile namba ya 2,140 itaushinda kwa nguvu ambayo haina.

Na hili halikubaki kwenye hesabu za darasani. Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa miji ya Marekani, wakaonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa kwenye barabara kuu hukua karibu sawasawa na kilomita za njia zinazoongezwa. Anthony Downs alikuwa ameiandika hoja hiyo tangu 1962 kuhusu barabara za mwendo kasi saa za msongamano.

Bi Takwimu

Nimeweka kambi hapa tangu asubuhi. Naomba niongeze hatua ya tatu, maana mwanzisha uzi ameipita haraka na ndiyo ninayoifanyia kazi.

Uchaguzi wa chombo hukadiriwa kwa modeli ya logiti. Kila chombo kinapewa alama kutokana na muda, nauli, kusubiri, kutembea hadi kituoni. Alama hizo zinageuzwa kuwa uwezekano. Daniel McFadden ndiye aliyeijengea msingi wa kiuchumi, na mwaka 2000 akatunukiwa Nobeli ya uchumi. Moja ya kazi zake ilikuwa kutabiri nani angetumia treni ya BART ya San Francisco kabla haijafunguliwa mwaka 1972. Makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya safari za kazini. Yeye na wenzake walipata asilimia 6.3. Hali halisi ilikuja kuwa 6.2.

Nawapa mfano wa kile ambacho logiti inakionyesha na macho hayakioni. Gari linachukua dakika 35 mlango kwa mlango. Basi linachukua dakika 30 ndani, pamoja na kusubiri dakika 10. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba dakika ya kusubiri inamuumiza msafiri kuliko dakika ya kukaa ndani, na uzito wa mara mbili ni wa kawaida. Kwa hiyo basi lina uzito wa dakika 50. Tofauti na gari ni 15. Tukitumia kigezo cha 0.05 kwa dakika, basi linapata 1 ÷ (1 + e^0.75), sawa na asilimia 32.

Sasa una bajeti ya kuokoa dakika 5. Ukiliharakisha basi barabarani, uzito unashuka hadi 45, na mgao wa basi unakuwa asilimia 38. Ukiongeza mabasi hadi kusubiri kushuke kutoka 10 kwenda 5, uzito unashuka hadi 40, na mgao unafika asilimia 44. Dakika tano ni zile zile, lakini mavuno ni mara mbili. Kila ninapoona mpango wa mabasi unaojivunia mwendo kasi halafu ratiba imeachwa nyembamba, roho inaniuma.

Tahadhari moja kuhusu logiti ya kawaida: inadhani kila chombo ni tofauti kabisa na kingine. Tuseme nusu ya watu wanatumia gari na nusu basi. Paka nusu ya mabasi rangi nyingine, uyaite chombo kipya, na modeli itakuambia basi la kwanza theluthi, la pili theluthi, gari theluthi. Wenye magari wameacha magari kwa sababu ya rangi! Ndiyo maana vyombo vinavyofanana vinapaswa kuwekwa kwenye kundi moja kwanza, msafiri achague kundi, halafu achague ndani ya kundi. Ukisoma ripoti inayoongeza aina mpya ya basi, angalia kama hilo limefanyika.

Mwanafunzi wa Mipango

Shikamooni wakubwa. Nasoma mipango miji mwaka wa tatu. Nimeelewa hatua ya pili na ya tatu. Hatua ya nne mwalimu alisema kila dereva anachagua njia fupi kwake. Sasa kama kila mtu amechagua njia bora, si mji mzima utakuwa na njia bora?

Mpimanjia

Marahaba. Swali zuri sana, na jibu lake ni hapana.

Kanuni aliyokufundisha mwalimu ni ya John Glen Wardrop, 1952: mambo yakitulia, njia zote zinazotumika kati ya sehemu mbili zina muda sawa, na hakuna dereva anayeweza kuokoa muda kwa kubadilisha njia peke yake. Huo ndio msawazo wa watumiaji. Wardrop huyo huyo aliweka kanuni ya pili, ya mpangilio unaopunguza jumla ya muda wa wote. Mipangilio hiyo miwili hailingani, kwa sababu dereva anahesabu muda wake na hahesabu muda anaowaongezea wengine.

Dietrich Braess aliweka mfano mwaka 1968 ambao kila mwanafunzi anapaswa kuuchora mwenyewe. Magari 4,000 yanatoka Mwanzo kwenda Mwisho. Njia ya juu: kipande cha kwanza kinachukua dakika sawa na idadi ya magari ÷ 100, cha pili dakika 45 daima. Njia ya chini ni kinyume chake: kwanza dakika 45, kisha magari ÷ 100. Yanagawanyika 2,000 kwa 2,000, kila mmoja anatumia 20 + 45 = dakika 65.

Jenga kiungo cha haraka sana katikati, tuseme dakika sifuri, kutoka katikati ya njia ya juu kwenda katikati ya njia ya chini. Sasa kila dereva anaona bora aingie kipande cha kwanza cha juu, avuke, amalizie kipande cha mwisho cha chini. Wote 4,000 wanafanya hivyo: 40 + 40 = dakika 80. Anayejaribu kurudi njia ya zamani atatumia 40 + 45 = 85, kwa hiyo harudi. Mmeongeza barabara na kila mtu amepoteza dakika 15.

Usiende kusema kila barabara mpya iko hivyo. Sema tu kwamba jicho haliwezi kuamua, inabidi uhesabu.

Fundi Barabara

Hiyo ya dakika 80 nimeihesabu mara mbili, iko sawa. Imenifikirisha.

Ila nirudi kwenye jambo la msingi: hizo data mnazitoa wapi? Maana mimi nimeona ripoti ambazo modeli inalingana na hesabu za barabarani kwa kila kituo cha kuhesabia magari, halafu miaka mitatu baadaye hakuna kinachofanana.

Bi Takwimu

Fundi umegonga penyewe.

Data kuu ni dodoso la kaya, na dodoso linavuja kabla halijafika ofisini. Mtu anasema: "Nilienda kazini, nikarudi." Safari mbili zinaandikwa. Mhojaji mzuri anauliza tena: hapo katikati hukusimama popote? Ndipo inatoka kwamba alimpeleka mtoto shule kwanza, mchana akatembea kwenda benki, jioni akapitia sokoni kabla ya kurudi nyumbani. Mbili zimekuwa sita, na zilizosahaulika ni zile fupi, za miguu, na mara nyingi ni za kina mama. Zikikosekana kwenye dodoso hazitakuwepo kwenye modeli, na zikikosekana kwenye modeli hakuna atakayepanga njia ya waendao kwa miguu. Hii ndiyo sababu moja ya wengi kuhamia modeli zinazofuata shughuli za siku nzima za mtu badala ya safari moja moja, fikra iliyoanzia kwa Torsten Hägerstrand wa Uswidi mwaka 1970: mtu ana saa 24, ana mahali anapolazimika kuwepo kwa wakati fulani, na safari zake zinajipanga katikati ya hayo.

Kuhusu ulinganifu wa kila kituo: kuna kipimo kiitwacho GEH, kimetoka Uingereza. Unachukua tofauti ya modeli na hesabu, unaipandisha kipeo cha pili, unazidisha kwa 2, unagawa kwa jumla ya hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili cha jawabu, yaani mzizi wake wa mraba. Chini ya 5 ni nzuri. Hesabu 1,000 na modeli 1,100 inatoa 3.1, inapita. Hesabu 200 na modeli 300 inatoa 6.3, inaanguka, ingawa tofauti ni magari 100 pande zote. Kipimo ni kizuri.

Ubaya unaanza pale jedwali la kutoka na kwenda linapolazimishwa na programu lilingane na hesabu za vituo, halafu vituo vile vile vinatumika kuthibitisha modeli. Hapo lazima ilingane! Imefundishwa majibu. Weka pembeni vituo kadhaa tangu mwanzo, visiguswe, uvitumie mwishoni tu.

Mpimanjia

Naunga mkono yote. Kuna utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake wa 2005, miradi 210 katika nchi 14. Kwenye reli, makadirio ya abiria yalizidi hali halisi kwa miradi 9 kati ya 10, na kwa wastani yalizidi kwa asilimia 106. Kwenye barabara, nusu ya miradi ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20 juu au chini. Makosa ya hesabu tu yangetawanyika pande zote. Yakielemea upande mmoja namna ile ya reli, tafuta nani alihitaji namba kubwa ili mradi upite.

Mwanafunzi wa Mipango

Nikipewa ripoti kesho, nianzie ukurasa gani? Nyingi zina kurasa mia tatu.

Mpimanjia

Anza na jedwali la kutoka na kwenda la mwaka wa makadirio. Ripoti inapaswa kuwa nalo mara mbili: moja mradi ukijengwa, moja usipojengwa. Yaweke pembeni kwa pembeni. Yakiwa sawasawa namba kwa namba, hakuna mzunguko wa kurudisha muda mpya kwenye modeli uliofanyika, na dakika zote zilizookolewa kwenye muhtasari ni za yule mchambuzi wa kwanza.

Kisha tafuta ni vituo vingapi vilitengwa kwa uthibitisho na viko wapi. Kisha fungua dhana za ajira na makazi mapya, uone kama zinabadilika mradi ukijengwa au zimeachwa vile vile. Ukimaliza hayo utakuwa umeshajua kama kurasa zilizobaki zinastahili usiku wako.

Na kabla ya kushika programu yoyote kubwa, chukua lahajedwali, weka kanda tatu, rudia mfano wangu wa juu kwa mkono, uzunguke mpaka namba zitulie. Ukiruka moja kwa moja kutoka muda mmoja kwenda mwingine utaona zinapanda na kushuka bila kutulia. Chukua wastani wa muda wa zamani na mpya kila mzunguko, zitakaa. Ukikwama weka namba zako hapa, tutaziangalia pamoja.